Funga, Fungua, na Mluzi wa Namba Sita

Jambo lote lilinigharimu turubai moja, jino moja la mbele, na mtu mmoja wa kula naye jioni. Nimehesabu mara mbili. Turubai nilinunua jingine. Jino nimelizoea pengo lake, na siku hizi ndilo linaloleta wateja: nenda kwa yule mwenye pengo, ila usimwonyeshe pesa yote. Ni hicho cha tatu ndicho kinachonifanya nikae chini na kuandika.

Nilifika Bariadi miaka ile kila kitu kilipokuwa kinafunguliwa. Mitumba, ambayo kabla ya hapo tuliuza kwa kuviziana na mgambo, ilikuwa inashushwa kwenye malori mchana kweupe, robota baada ya robota. Pamba, iliyokuwa na mnunuzi mmoja tangu nipate akili, ikapata wanunuzi kila kona, kila mmoja na mizani yake, na kila mmoja akiapa kwamba mizani ya mwenzake inadanganya. Nadhani wote walikuwa wanasema kweli. Mkulima akishalipwa pamba anataka shati, na mimi nilikuwa na mashati. Nilitoka kwetu Upareni kwa nia ya kukaa msimu mmoja, niuze, nirudi.

Mchana sikuwa na ugomvi na Bariadi. Shida ilikuwa jioni. Mchana sokoni Kiswahili kipo tele, cha bei na cha matusi. Jua likizama kinafungwa pamoja na vibanda. Watu wanarudi kwenye Kisukuma chao, lugha ya nyumbani, ya kuulizana mtoto amepona na ng'ombe amezaa nini. Mimi Kisukuma changu kilikuwa salamu mbili: mwangaluka ya asubuhi na mwadila ya baada ya hapo. Ukishazitoa hizo mbili umebaki umesimama, mwenzako anasubiri neno la tatu. Nilikuwa nalala mapema kuliko kuku, si kwa uchovu. Hakukuwa na kitu kingine cha kufanya na mdomo.

Huyo wa kula naye alikuja kwangu kununua bukta. Alikuwa mpakiaji wa marobota ya pamba, mtu wa Mkula, kule karibu na ziwa, mrefu, mabega kama ya mlango. Nikamtajia bei, akanyamaza. Nikashusha, akanyamaza. Nikashusha tena, ndipo nikagundua kwamba muda wote huo nilikuwa najipatana mwenyewe. Ile bukta niliiuza kwa hasara, na kwa heshima kubwa, kwa kuwa nilidhani nimekutana na bingwa. Kumbe hakuwa anapatana kabisa. Alikuwa anaitazama bukta.

Jioni ile nikamkuta kwenye benchi la mama lishe, nyuma ya soko, mahali nilipokuwa nakula kila siku nikitazama ukuta. Tukala. Watu wengine walipogeukia Kisukuma, yeye alibaki na mimi kwenye Kiswahili, kile Kiswahili chake cha polepole, kila neno kama limebebwa begani kutoka mbali. Kesho yake tukakaa benchi lile lile. Mama lishe, ambaye sote tulimwita mayu kama mtu anavyomwita mama yake, akaanza kutupakulia bila kuuliza.

Lakini wapakiaji ni watu wa msimu. Pamba ikiisha kwenye maghala, kila mmoja anakunja blanketi lake na kuondoka. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyojua kwamba sweta haliuziki kiangazi. Ndipo nikaanzisha timu.

Watu waliniuliza baadaye kwa nini mtu wa mitumba, tena Mpare, atumie Jumapili zake kwenye mpira usiomwingizia hata senti. Nilikuwa nawajibu kwamba napenda michezo. Ukweli ni kwamba mtu mwenye timu haondoki Jumapili. Na kama Jumapili amecheza, Jumatatu miguu inamuuma, naye hasafiri. Hesabu yangu yote ilikuwa hiyo. Nilitaka mtu mmoja abaki Bariadi, na ili abaki nilihitaji wengine kumi wa kucheza naye.

Kumi hao hawakuwa kazi kuwapata. Zamani kulikuwa na timu ya ushirika, lakini ushirika uliposhindwa kulipa watu, timu ilikufa kabla hata ya ushirika wenyewe, na mpira wao ukabaki kwa mtunza ghala aliyekuwa akiukalia kama kigoda. Nikaupata kwa koti. Wapakiaji wakaja, muuza chumvi akaja. Mchinjaji wa sokoni akawa beki wa kati, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia acheze mahali pengine. Fundi baiskeli akawa mshambuliaji. Alikuwa na mbio, na alikuwa mtiifu kupita kiasi, jambo ambalo nitalirudia. Mtu wangu wa Mkula akawa namba sita, katikati ya uwanja, mbele ya mabeki. Mimi nikawa mwalimu kwa kuwa nilikuwa na sauti na turubai.

Timu yetu mwanzoni ilikuwa na umbo moja tu: pale mpira ulipo. Mpira ukienda kona hii, watu ishirini na wawili wako kona hii, na kona ile unaweza kuanika mtama. Nikaona hapa hapahitaji mbio, panahitaji mpangilio, na mpangilio ndiyo kazi yangu. Mtu asiyejua kupanga nguo juu ya turubai hauzi. Basi Jumapili moja nikalibeba turubai langu hadi uwanjani, nikalitandaza pembeni, nikaweka mashati kumi na moja.

"Haya ni sisi," nikawaambia. "Tukiwa na mpira, tunafungua. Asubuhi nikifika kibandani nafanyaje? Natandaza. Huyu winga mpaka ukingoni, huyu mpaka ukingo wa pili. Adui akitaka kutufunika sote itabidi naye awe mpana, na akiwa mpana ana matundu. Tumeelewana?"

"Mimi ni shati gani?" akauliza mchinjaji.

"Lile la bluu."

"Lina kola imechanika."

"Ndiyo maana halijauzwa. Sikiliza. Tukipoteza mpira, tunafunga." Nikavuta mashati yote ndani kwa mikono, wa pembeni wakaja katikati, wa mbele wakarudi, mpaka yakawa karibu kugusana. "Hapa mtu anaweza kumpa mwenzake chumvi bila kunyoosha mkono. Kule pembeni tumwachie adui atembee anavyotaka, goli haliko pembeni. Goli liko hapa."

Labda unauliza kwa nini sikutumia neno la kawaida la mpira, nikasema "kaba". Nililitumia, mazoezi ya kwanza kabisa. Niliita, "Kaba!" na mchinjaji akamkaba muuza chumvi, kwa shingo, kama tunavyojua kukaba huku mitaani, mpaka macho yakamtoka. Kuanzia siku hiyo nikalifuta. Funga na fungua yalikuwa maneno salama, ya dukani, ambayo hayajawahi kumuumiza mtu.

Kwenye mazoezi yalifanya kazi vizuri mno. Nasimama pembeni, naita, "Fungua!" wanatawanyika. "Funga!" wanakusanyika. Nilijiona nimefungua tawi la pili la kibanda. Namba sita alikuwa kitovu cha yote. Yeye alipokaa ndipo wengine walipopimia umbali. Jioni tulikula tukilizungumza jambo lile, tukipanga michembe mezani, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kimoja kimoja, mpaka mayu anakuja kuuliza kama tunakula au tunahesabu.

Halafu wakaja watu wa Nyalikungu, kutoka Maswa, na lori lao na jezi zao, kucheza nasi kwenye uwanja wetu. Sokoni kulifungwa mapema. Watu wakajipanga pembeni pande zote.

Ninachotaka uelewe ni hiki. Mimi ni mfanyabiashara. "Funga" kwangu ni kibanda. Sikuwa nimefikiria hata kidogo kwamba soko zima linalijua neno lile lile kwa maana nyingine.

Dakika za mwanzo zilikwenda sawa. Kisha namba sita akapokonya mpira katikati, akatazama juu, akampigia fundi baiskeli pasi ndefu nyuma ya mabeki wao. Fundi baiskeli akawa peke yake. Mbele yake golikipa tu, naye golikipa keshaanza kukata tamaa, ilionekana mabegani. Na soko lote, wauza nyanya, wauza mkaa, mayu na mwiko wake, likainuka kwa sauti moja: "Fungaaa!"

Fundi baiskeli akasimama. Akaugeuzia mgongo mpira na goli, akakimbia kurudi katikati ya uwanja, mtiifu, mikono ubavuni, akaja kusimama mita moja kutoka kwa namba sita. Timu nzima ilikuwa imeshajikusanya pale. Mchinjaji, winga wote wawili, wote ndani, umbali wa kupeana chumvi, umbo zuri ambalo sijaliona tena maishani mwangu. Mpira ulikuwa umebaki kule mbele peke yake. Golikipa wa Nyalikungu alitoka taratibu, akautazama, akatutazama sisi, akauokota kama mtu aliyeokota noti na hana uhakika kama ana ruhusa.

Kisha matusi yakaanza, soko zima likitufundisha maana yake ya funga.

Nikajaribu kurekebisha. Tulipokuwa tunashambuliwa nikaita, "Funga! Funga!" nikimaanisha wasogee ndani, lakini mchinjaji alikuwa ameshajifunza kutokana na matusi ya mashabiki kwamba funga ni kupiga goli. Akauchukua mpira kwenye miguu ya mtu, akaenda nao mbio mpaka mbele, akapiga shuti lililokwenda barabarani, na nyuma yake alikuwa ameacha mlango wazi. Tulifungwa. Tukafungwa tena. Baada ya ile ya pili nilikuwa nimekaribia mstari, mdomo wazi, naita neno lile lile, ndipo beki wao akaondosha mpira kwa nguvu zote na ukanikuta mdomoni.

Nilipopata fahamu ya kuinama nilikuwa naona jino langu kwenye vumbi, na juu yangu mchinjaji ameshika kiuno.

"Mpare," akasema, "utaufungulia kesi mpira?"

"Mwacheni," mwingine akadakia, "analihesabu kwanza."

Ni kweli nilihesabu. Lilikuwa moja.

Jioni ile mayu alinipikia uji, akaniwekea mbele bila kusema kitu, ila alikuwa anageuka ukutani kila baada ya muda na mabega yake yanatikisika. Namba sita hakucheka. Alikula ugali wake hadi mwisho, akanawa, ndipo akasema, "Marobota yamebaki machache ghalani."

"Jumapili tuna mazoezi," nikamwambia. Kwa ule mdomo, hata Jumapili ilitoka vibaya.

"Ya nini sasa, mwalimu? Watu wametucheka mpaka mbuzi wamecheka."

"Tutabadilisha neno."

"Neno gani?"

"Njoo Jumapili tu," nikasema. "Neno nitakuwa nimelipata." Nilikuwa naweka oda ya bidhaa ambayo sijawahi kuiona.

Jumapili ikafika na neno sina. Nikatandaza turubai kama kawaida, nikapanga mashati polepole, nikijipa muda. Uwanja wetu uko njiani kwa ng'ombe waendao kunywa maji, na siku ile kundi likaja mapema, kubwa, na mchungaji wake alikuwa nyuma sana akibishana na mtu wa baiskeli. Ng'ombe wakaingia uwanjani. Wakatawanyika. Kumi hivi wakaja moja kwa moja juu ya turubai langu. Nikanyanyua mikono kama mtu anayefukuza kuku, nao wakanipita kana kwamba mimi ni mti. Nilisikia turubai likichanika, sauti ndefu kabisa, na shati la bluu likaondoka limevaliwa na pembe.

Ndipo namba sita akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Mfupi, mara mbili, mkali.

Ng'ombe wakainua vichwa na kusogeleana. Wale wa pembeni wakaja ndani, wa mbele wakapunguza mwendo, wakawa kitu kimoja. Lakini mimi sikuwa nawatazama ng'ombe tena. Niliwatazama watu wangu, waliokuwa wamesimama ovyo uwanjani wakicheka turubai langu. Karibu wote walikuwa wamesogea hatua moja kuelekea katikati. Hawakujua kama wamesogea. Mchinjaji alikuwa bado anacheka.

"Piga tena," nikamwambia namba sita.

"Wameshakusanyika hao."

"Piga tena, nimesema."

Akapiga. Wakasogea tena. Muuza chumvi akajikwaa kwa mchinjaji.

Wakanieleza baadaye, wakishangaa kwamba kuna mtu mzima asiyelijua jambo hilo. Karibu wote walichunga utotoni. Na upande huu, kabla ng'ombe hajafika kwenye majani anapita kwenye njia nyembamba, huku pamba ya fulani na huku pamba ya fulani. Ng'ombe mmoja akitia mdomo kwenye shamba la mtu, baba anatozwa, na akishatozwa anarudi nyumbani kukutafuta wewe. Kwa hiyo mluzi ule wa kubana kundi uliingia mwilini kupitia mgongoni. Ukishatoka kwenye pamba, ukafika mbugani, kuna mluzi mwingine, mmoja, mrefu, unaoshuka mwishoni, na kundi linajiachia. Kubana, kuachia. Nilikuwa nimetafuta kwenye Kiswahili chote.

Hatukuhitaji turubai tena, jambo zuri, maana halikuwepo. Namba sita akawa anacheza na kupiga mluzi yeye mwenyewe kutoka katikati, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona kabla ya wengine mpira unapotaka kupotea. Mfupi mara mbili, wanabana. Mrefu, winga wanakwenda mpaka ukingoni. Mashabiki wakapige kelele zao za funga mpaka makoo yawawashe, hakuna aliyewasikiliza. Pamba ghalani ikaisha. Wapakiaji wengine wakaondoka. Yeye akabaki, akabeba mizigo sokoni kwa malipo madogo, akasema anamalizia mechi moja. Kila jioni nilikuwa nakula nikiwa na furaha ya mtu aliyeuza sweta kiangazi.

Mechi yenyewe ilikuwa na timu ya Lamadi, iliyoletwa na tajiri wa samaki. Wakati ule pale ziwani sangara alikuwa anaondoka kwenye malori yenye barafu, na pesa ilikuwa inarudi na harufu yake. Wachezaji wake wengi walikuwa watu wa maji, wavuvi na wapakuzi, wepesi, wenye nguvu za kuvuta nyavu. Walitusumbua kipindi kizima cha kwanza, lakini kila walipopita pembeni walikuta katikati pamebanwa. Mluzi mfupi mara mbili. Hakuna njia. Nilisimama mbali na mstari safari hii, mdomo nimeufumba.

Kipindi cha pili wakapata mpira wa kona, namba sita akapiga mluzi wa kubana, nasi tukabana. Tukaupata mpira. Yeye alitaka kuwapigia ule mrefu wa kuachia, lakini pumzi ilikuwa imemwishia, ukatoka tena mfupi mara mbili. Ndipo nikaona kitu ambacho hata leo nikikaa peke yangu kinanichekesha. Mabeki wawili wa Lamadi, mmoja huku na mwingine kule, vijana wa bara ambao bila shaka walikuwa wamechunga kabla ya kwenda ziwani, wakasogea ndani. Nao pia! Wakauacha ukingo wote wazi, wamesimama katikati wakitazamana. Fundi baiskeli akakimbilia pale palipoachwa wazi, akapewa mpira, akaingia nao, na soko likalia, "Funga!" Akageuka kunitazama mimi. Nikamwonyesha goli kwa kidole. Akafunga.

Mechi ikaisha hivyo. Watu walimbeba fundi baiskeli. Tajiri wa samaki hakumtazama fundi baiskeli. Alikuja kwangu akijifuta jasho.

"Mwalimu, nani anapiga ule mluzi?"

"Mashabiki," nikasema.

"Usinifanye mtoto. Namba sita. Bei gani?"

"Hauzwi."

Akacheka, na nikamwelewa. Mimi mwenyewe nikimwambia mteja kitu hakiuzwi ninamaanisha aongeze.

"Nina kazi ya mizani pale mwaloni, wanaposhushia samaki," akasema. "Kupima samaki, si kubeba. Chumba ninacho. Na nimesikia ni mtu wa Mkula, Mkula na Lamadi ni pua na mdomo."

"Mizani za samaki zinatoa harufu. Hapa ana timu."

"Na mimi nina timu."

"Timu yako inasogea kwa mluzi wa watu wengine."

"Ndiyo maana nataka mwenye mluzi. Wewe Mpare unapata hasara gani?"

Nikafungua mdomo nitaje hasara yangu. Nimepatana na watu wa kila aina, nimewahi kuuza kiatu kimoja cha kushoto, lakini pale sikupata pa kuanzia. Ningesema nini? Kwamba jioni nakula na mtu? Nikamwambia, "Muulize mwenyewe."

Akamuuliza pale pale, mbele yangu. Akataja mshahara. Namba sita akanyamaza. Tajiri akaongeza. Akanyamaza. Tajiri akaongeza tena, akinitazama mimi kwa pembe ya jicho, kama kusema huyu mtu wako ni bingwa. Mimi nilikuwa naijua ile nyamaza. Niliinunua kwa bukta. Hakuwa anapatana. Alikuwa anaitazama Lamadi.

Usiku huo mayu alituwekea samaki, sijui kwa makusudi au ndicho alichokuwa nacho.

"Mama yuko peke yake pale Mkula," akasema namba sita. "Nikiwa Lamadi nafika kila Jumamosi."

"Sawasawa."

"Hujasema kitu, mwalimu."

"Nimesema sawasawa."

Mteja akishaanza kuikunja nguo, muuzaji mwenye akili hafungui mdomo tena. Nikala. Baadaye akajaribu kunifundisha mluzi, ili timu isikae bubu. Akaniwekea vidole kwenye ulimi kama mganga wa meno. Nikapuliza. Upepo ukatokea pengoni, fyuu, kama tairi la fundi baiskeli. Akajaribu kunielekeza nizibe pengo kwa ulimi. Fyuu.

"Kwa hilo pengo," akasema, "utaita mvua tu." Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza kuhusu jino langu, akacheka mpaka akalaza kichwa mezani, nami nikacheka, na mayu akatoka jikoni kuja kuona.

Asubuhi akapanda lori la chumvi lililokuwa likienda ziwani. Nilimpa bukta ya pili, bila kutaja bei.

Timu niliiendesha kwa muda. Mchinjaji akajitolea kupiga mluzi. Mluzi wake ulikuwa mzuri, safi kabisa, ila ulipolia watu walirudi nyuma. Muuza chumvi akasema hakuna ng'ombe anayesogelea mluzi wa mchinjaji, na huo ndio ukawa mwisho wa mpango huo. Nikawajaribu wengine pale namba sita. Kila mmoja aliicheza kama mtu aliyekalia kiti cha mgeni. Wengine wakaenda kwenye magari ya pamba, wengine kwenye biashara zao, mpira ukatoboka. Mimi sikurudi Upareni. Kila msimu nasema msimu mmoja. Jioni nakaa kwenye benchi lile lile. Kisukuma changu kimekua, nina neno la tatu sasa na la nne, lakini nilikipata nikiwa nimechelewa, na watu wa kuzungumza nao hivyo walishazoea kunipita.

Niliwahi kwenda Lamadi mara moja, siku ya gulio, na mzigo wa mashati. Nikasikia watu wanapiga kelele upande wa ziwa, nikaacha mzigo kwa jirani, nikaenda. Mechi. Sikumwona mara moja, walikuwa mbali, jua machoni. Nimesimama pale pembeni kati ya watu nisiowajua, ndipo ukalia. Mfupi, mara mbili, mkali. Nami nikasogea hatua moja kuelekea katikati. Mimi, ambaye sijawahi kuchunga hata mbuzi. Hapakuwa na mtu wa kusogeleana naye, nikasimama pale hatua moja ndani ya mstari mpaka mshika kibendera akaniambia, "Mzee, rudi nyuma."

Baada ya mechi akanikumbatia mbele ya wote. "Mwalimu!" Akanichukua kwake. Ana mke, ana mtoto, mama yake siku ile alikuwa amekuja kutoka Mkula. Tukala samaki, wengi tumelizunguka sinia, umbali wa kupeana chumvi.

"Nani anacheza sita siku hizi?" akaniuliza.

"Tumeacha wazi."

"Msiache wazi, mwalimu."

"Basi tufanyeje?"

Akanyamaza. Nilisubiri. Nilijua kwamba hapatani, alikuwa analitazama swali. Lakini lori langu likapiga honi barabarani, na ukilikosa lori Lamadi siku ya gulio unalala na mzigo wako nje. Nikaondoka kabla hajajibu.

Kwa hiyo nauliza huku. Turubai silidai, jino silidai. Nawauliza nyie mnaoujua mpira, na hata msioujua: mtu wa katikati akiondoka, wanaobaki wafunge au wafungue? Nimejaribu yote mawili. Mwenye jibu apite sokoni Bariadi, upande wa mitumba, jioni baada ya vibanda kufungwa, amuulize mayu benchi la yule mwenye pengo. Shati nitampunguzia. Si sana.